Silikoni ya Bafuni

Baba mkwe alisema atakuja Jumapili kuangalia kazi yake, na Ijumaa samaki wakaanza kufa.

Wa kwanza nilimkuta asubuhi, mume wangu akiwa ameshaondoka kwenda kazini. Alikuwa amelala ubavu juu ya mawe, mistari yake ya buluu imepauka. Wavu wa samaki sikuuona, kwa hiyo nilimtoa kwa chujio la chai, nikamfunga kwenye kipande cha kitambaa na kumtupa. Nikajiambia samaki mmoja si msiba. Sijamaliza kushona kola ya kwanza, wa pili akaanza kuogelea kichwa chini.

Najua kuna watakaocheka. Mtu mzima anatetemekea samaki ambao hata ukiwakaanga wote hawajazi kijiko! Hawa si samaki wa kuliwa, nianze na hilo, maana majirani zetu mpaka leo halijawaingia akilini. Wanamwita mume wangu Mvuvi, na kila akipita wanamuuliza mavuno ni lini. Ni samaki wa kutazamwa tu, wembamba, urefu wao ni wa kidole cha mwisho, na mistari inatoka shavuni mpaka mkiani. Sisi tunawaita pundamilia. Aliyetuuzia alituambia ni samaki wa watu wasiojua kitu: wagumu, hawagombani, hawachagui chakula, na umeme ukikatika wanasubiri urudi. Sharti lao ni moja tu, wasikae peke yao. Ukimtenga mmoja ananyong'onyea. Wakiwa kundi wanazunguka tangi kutwa nzima, na mmoja akigeuka wote wanageuka.

Mimi ni fundi cherehani, na cherehani yangu iko sebuleni, pembeni ya tangi. Siku za mwanzo nilikuwa nikikanyaga pedali tu, wote wanakimbilia pembe moja na kubanana. Baadaye walizoea, ikawa hata nikishona jinzi hawajali. Basi nikajifunza kuwasoma. Wakitawanyika, wametulia. Wakibanana, kuna jambo.

Ijumaa ile walikuwa wamebanana juu kabisa, penye mapovu ya pampu, midomo yao ikiitafuta hewa.

Lazima nieleze habari ya kioo, la sivyo hamtajua niliogopa nini. Baba mkwe ni fundi vioo. Mume wangu alikulia ndani ya karakana yake, na kila mtu alijua ndiye atakayeirithi. Kioo kikubwa hubebwa na watu wawili, na karakana ile ilikuwa na desturi yake. Kabla ya kunyanyua, mkubwa anauliza, "Umeshika?" Hakuna kinachoinuka mpaka wa upande wa pili ajibu, "Nimeshika." Na anayetembea kinyumenyume haruhusiwi kugeuka kutazama nyuma, maana akigeuka kioo kinapinda. Aliye mbele yake ndiye macho yake. Desturi hiyo ilifuatwa hata kwa kioo cha meza, hata kwa watu waliobebeana miaka na miaka. Kuuliza si ujinga, mzee aliwaambia mafundi wake, kioo hakina huruma.

Siku moja, kabla sijaolewa, baba na mwana walikuwa wakinyanyua kioo cha dirisha la duka, na upande wa mwana ukateleza. Kioo kilivunjika na kumkata mzee kiganja. Vidole vyake viwili havijakunjika tangu siku hiyo. Huku damu ikimchuruzika, mbele ya mafundi wote na mteja mwenyewe, alimwambia mwanawe, "Wewe huna mikono." Mafundi nao hawakukosa la kuongeza. Wakampa jina la Vigae, na jina likamfuata mpaka mtaani.

Mume wangu aliondoka karakana na hakurudi. Akatafuta kazi ya mdomo. Siku hizi anapokea simu za wateja wa kampuni ya umeme, anatukanwa kwa zamu, na akirudi nyumbani anakaa mbele ya tangi bila kusema neno. Kuwalisha samaki sawa, lakini kioo chenyewe hakigusi. Hata kioo cha kujitazamia cha chumbani nilikipachika mimi, nikakipachika upande, na mpaka leo tunachana nywele tumeinamisha shingo.

Yeye na baba yake hawakugombana tena kwa maneno. Walikutana kwenye harusi na misiba. Shikamoo. Marahaba. Basi. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Ugomvi wa kelele una siku yake ya kuisha, lakini huu wa kunyamaziana ulikuwa unalelewa, unalishwa, unakua.

Ndipo tangi likaanza kuvuja kwenye pembe ya kulia. Mume wangu akaweka bakuli chini yake.

"Lizibe," nikamwambia.

"Litaziba lenyewe."

"Sijawahi kusikia kioo kikipona. Labda ukifunge bandeji."

Hakucheka. Akaendelea kumwaga bakuli kila asubuhi. Mimi hasira zangu ziko karibu, hilo sifichi, na subira yangu haikufika mwisho wa wiki. Nikampigia simu baba mkwe bila kumuuliza mtu.

Alikuja na sanduku lake la vifaa. Mume wangu alipomwona mlangoni alinitupia jicho ambalo nilistahili, kisha akaenda kuhamishia samaki kwenye ndoo. Mzee alikwangua silikoni ya zamani, ile gundi inayoshikanisha vioo, kwenye pembe ile, akaifuta kwa spiriti, akatoa tyubu mpya kwa madaha.

"Hii ndiyo mfalme wa silikoni zote," alisema. "Naiweka kwenye mabafu ya hoteli. Haishiki ukungu maisha."

Akaisukuma kwa ile bunduki yao ya kukamulia, mstari mmoja ulionyooka kutoka juu mpaka chini, halafu akausawazisha kwa kidole kisichokunjika. Mume wangu alisimama nyuma akitazama, na niliona mabega yake yakishuka kidogo kidogo.

Wakati wa kuondoka mzee aliongea na kitasa cha mlango. "Ikauke vizuri kabla hamjatia maji. Jumapili ya wiki ijayo nitakuja kuiangalia."

"Karibu, baba," mume wangu akasema.

Karibu, baba! Nilikwenda jikoni nikafungulia bomba, wasije wakasikia ninavyolia.

Kwa hiyo Ijumaa, nikiwa na samaki wawili waliokufa na wengine wanahema, sikuwa nikiwalilia samaki. Jioni mume wangu alirudi, akawatazama kwa muda, akavua shati la kazi na kubadilisha maji nusu tangi. "Labda dawa ya maji ya bomba imezidi," alisema. Hakunitazama aliposema hivyo, na mimi sikutilia maanani, nilikuwa na mawazo yangu.

Kesho yake akiwa zamu, nikafunga cherehani na kwenda duka la samaki. Mwenye duka ni bwana mmoja mnene anayeitwa Daktari, kwa sababu hukuambia ugonjwa wa samaki wako kabla hujamaliza kuingia.

"Umebadilisha chakula?" aliniuliza.

"Ni kile kile."

"Umeingiza samaki mgeni?"

"Hapana."

"Sasa kipya ni nini?"

"Tangi lilikuwa linavuja. Limezibwa."

Akaacha kukoroga kopo la dawa lililokuwa mbele yake. "Limezibwa na silikoni gani?"

"Nzuri sana. Ya bafuni. Ile isiyoshika ukungu."

Daktari alifumba macho. "Mama, unajua kwa nini haishiki ukungu? Imetiwa sumu. Inaua ukungu, na ndani ya tangi inaua samaki. Wangekuwa aina nyingine ungeshawazika wote. Hawa pundamilia wagumu, lakini ugumu nao una mwisho."

"Tufanyeje?"

"Watoe leo. Hiyo silikoni muikwangue yote, kioo kibaki kitupu, halafu mzibe kwa hii ya kawaida, hii inayonuka siki." Akaweka tyubu juu ya meza. "Aliyeziba ni fundi?"

"Ni fundi vioo. Miaka yote."

"Basi mwambie tu. Ataelewa."

Mwambie tu! Daktari hamjui baba mkwe wangu. Huyu ni mtu aliyewahi kugombana na mteja kuhusu dirisha lililogoma kufunga, akashikilia kwamba dirisha limenyooka na nyumba ndiyo imepinda. Nimwambie kwamba kazi aliyoifanya kwa mkono wake, kazi iliyomrudisha kwenye nyumba ya mwanawe, imeua? Angechukua sanduku lake na tungekutana naye kwenye msiba unaofuata. Na mume wangu je? Miaka yote hii alikuwa na sentensi moja kooni, nami naijua, kwa sababu anaisema usingizini: wewe ndiye huna mikono. Sasa angepewa nafasi ya kuisema akiwa macho. Na maji yakimwagika hayazoleki.

Nikaonyesha tangi la pundamilia dukani. "Nifungie na hawa wachache."

"Wanakwenda wapi?"

"Nyumbani. Kujaza pengo tu."

"Kwenye sumu?"

"Ni mpaka kesho jioni."

Daktari alinitazama mpaka nikaanza kupanga mikunjo ya nguo yangu. "Silikoni nakuuzia," alisema. "Samaki, hapana." Nilitoka dukani masikio yakiniwaka kwa aibu.

Mpango wangu ulikuwa huu. Nilijaza beseni la kufulia na ndoo zote, nikayaacha maji yalale ili dawa ya bomba iishe, mume wangu akidhani nina nguo za kufua. Tyubu ya silikoni nikaizika kwenye kikapu cha vipande vya vitambaa. Jumapili mzee angekuja, angesifiwa, angekunywa chai na kuondoka. Akishavuka barabara tu, samaki wangehama, na baadaye ningetafuta uongo wa kumwambia mume wangu ili tukwangue. Kuwatoa mapema kulikuwa hakuwezekani, maana mzee angekuta tangi tupu na kuuliza. Kitu pekee nilichohitaji ni samaki wachache waendelee kuishi mpaka chai iishe. Niliinama mbele ya kioo nikawaomba, kwa sauti, kama mwendawazimu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nani huwakumbuka wahenga akiwa na haraka?

Jumapili asubuhi nilitoa mwingine. Kundi lililobaki halikuwa kundi tena, ni wachache tu waliokaa chini ya mapovu wakitikisa mapezi. Mume wangu alikaa mbele yao bila kunyoa ndevu wala kunywa chai. Hakusema tuwahamishe. Hapo ndipo nilipopaswa kufunguka macho, kwa sababu huyu ni mtu ambaye samaki akipiga mwayo anamtafutia ndoo. Lakini mimi nilishukuru tu kwamba hasemi.

Mzee alibisha hodi mapema kuliko tulivyotarajia. Alikuwa amenyoa, amevaa shati lililopigwa pasi, sanduku la vifaa mkono mmoja, na kwapani kitu kilichofungwa kwenye blanketi. Tulimsalimia. Akaweka sanduku chini na kufungua blanketi taratibu juu ya magoti yake. Ndani yake kulikuwa na kioo.

"Nimewakatia kifuniko," alisema. "Nimeambiwa samaki wa aina hii wanaruka."

Kingo zake zilikuwa zimesuguliwa mpaka hazikwaruzi hata ngozi ya mtoto, na pembe moja ilikatwa ili nyaya za pampu zipite. Kumbe alikuwa ameuliza habari za samaki. Alikuwa amekwenda mahali, mzee huyu asiyeuliza njia hata akipotea, akauliza samaki wa mwanawe wana tabia gani. 

Alikinyanyua kifuniko na kumpa mume wangu.

Mume wangu hakunyoosha mikono. Hakukataa, alisimama tu, mikono imemning'inia, akikitazama kioo kile. Kifuniko kilianza kumwelemea mzee kwenye vile vidole viwili vilivyonyooka.  Nikakipokea mimi, nikakilaza juu ya cherehani, na kuanza kusifu kwa maneno mengi ambayo hakuna aliyeyasikiliza.

Mzee akavuta kiti mpaka mbele ya tangi. Alipitisha kidole kwenye ule mstari wake wa silikoni, juu mpaka chini, akaridhika. Halafu akatazama ndani.

"Wamepungua," alisema.

"Ni maji ya bomba, baba," mume wangu akajibu haraka. "Wiki hii wamezidisha dawa. Mtaa mzima wanalalamika. Kazi yako haina tatizo lolote, imeshika vizuri kabisa."

Nikageuka kumtazama. Sauti ile naijua. Si sauti yake ya nyumbani, ni ile laini anayotumia kumwambia mteja kwamba fundi yuko njiani, huku akijua fundi bado hajatoka kitandani. Mtaa mzima gani? Mume wangu haongei na mtaa. Nikaelewa mara moja: anajua. Anajua kila kitu, na amekaa tangu alfajiri akiwatazama samaki wake wanakufa ili baba yake asiabike.

"Bora iwe maji," mzee alisema. Akatoa pumzi ndefu. "Nilipowaona hivi niliogopa. Nikasema labda ni mkono wangu."

 Samaki mmoja aliachia juu, akashuka polepole akizunguka, mpaka akatua juu ya mawe mbele ya pua ya mzee. Mdomo wake bado ulikuwa unafunguka. Mzee akainama kumtazama, mume wangu akatazama ukuta, na mimi uvumilivu ukaniishia.

"Si maji," nikasema.

"Wewe!" mume wangu akanikemea.

"Si maji, baba. Ni silikoni. Hiyo ya bafuni ina dawa ya kuua ukungu, na inaua samaki. Mwenye duka kaniambia jana." Nilitia mkono kwenye kikapu, nikatupa vitambaa huku na huku, nikaitoa tyubu na kuiweka mezani. "Inatakiwa hii."

Mume wangu alisimama. Nilidhani anakuja kunitoa nje. Akapita mbele yangu, akafungua begi lake la kazini lililokuwa limening'inia mlangoni, akatoa tyubu nyingine ya rangi ile ile na kuiweka pembeni ya yangu.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Ijumaa. Niliwaona wanahema kabla sijatoka, nikampigia Daktari nikiwa kazini. Jana nikapitia kwake baada ya zamu."

Daktari aliiuzia nyumba moja silikoni mbili siku moja na hakutamka neno. Sebule yetu ilikuwa na kila kinachohitajika kuliziba tangi, isipokuwa mtu mmoja aliyekuwa amesema ukweli kwa wakati.

Mzee alizitazama zile tyubu, moja, kisha nyingine. Uso ulikuwa umemjaa damu. "Nawe kwa nini hukuniambia?" alimuuliza mwanawe.

"Ungesema sikuiacha ikakauka vizuri."

Alisema kwa upole kabisa, na ndiyo maana ilichoma.  Mzee akainuka na kuliendea sanduku lake. Nikajua basi, anaondoka, na safari hii hata kwenye misiba atakaa upande wa pili. Akapiga goti, akafungua sanduku, akatoa kikwanguzi na wembe.

"Ndoo ziko wapi?" aliuliza.

Nilileta beseni la kufulia na kuliweka karibu na mlango wa uani, penye hewa. Mume wangu aliwakamata samaki waliobaki, mmoja mmoja, kwa lile lile chujio la chai. Hata yule wa kwenye mawe alimweka, ingawa alikuwa hajui juu wala chini. Halafu akavuta maji kwa mpira, akautumbukiza mwisho wake kwenye ndoo, na sote watatu tukasimama kusubiri tangi lishuke. Tangi likishuka kwa mpira halina haraka. Unasikia maji yakiingia kwenye ndoo, na kama kuna jambo halijasemwa unalisikia pia.

"Sikuuliza," mzee alisema. Alikuwa akiongea na kioo. "Nilijua ni la samaki, na sikuuliza samaki wanataka nini. Nilitaka tu uione ilivyonyooka."

"Yameshapita, baba."

"Sijamaliza." Akasugua kile kiganja chake. "Hata siku ile sikuuliza."

Mume wangu akaacha kuushika mpira. Ukaruka kwenye ndoo, maji yakamwagika sakafuni, na hakuna aliyeinama.

"Mteja alikuwa amesimama pale, ana haraka," mzee aliendelea. "Nikataka aone sisi mafundi. Nikanyanyua. Wewe ulikuwa bado unafuta mikono."

"Ulijua?"

"Nilijua kabla damu haijafika chini."

"Na ukasema sina mikono."

"Nikasema."

"Wakaniita Vigae. Wewe ukiwepo."

"Nilisikia."

"Ukawaacha."

"Nikawaacha," mzee akasema.

Mume wangu alilivuka beseni na kutoka kwenda uani, akaubamiza mlango nyuma yake mpaka kifuniko kikalia juu ya cherehani. Nilimtazama mzee, na nitasema nilivyohisi: nilimchukia. Niliziona zile jioni zote, mume wangu na samaki, na shingo zetu zilizoinama mbele ya kioo cha chumbani. Kisha nikamwona anavyoteka maji ya mwisho kwa kikombe, vidole viwili vikiwa vimenyooka pembeni kama si vyake, na nikamhurumia. Vyote viwili vilikaa ndani yangu na havikugombana.

Tulitoa mawe. Tulitoa pampu. Nilifuta sakafu, nikaufungua mlango wa uani na kuuegemeza ukutani. Mume wangu alikuwa amesimama kwenye kamba za nguo, ametupa mgongo.

"Lazima litoke nje, penye mwanga," mzee alisema. "Nikikwangulia humu nitaacha mabaki."

Akashika upande wake. Nikaenda upande wa pili, ule wa kurudi kinyumenyume.

"Umeshika, mkwe?"

Niliingiza vidole chini ya kioo. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani, na kingo zilikuwa na utelezi wa maji. Nikajaribu, vidole vikateleza. Nikajaribu tena. Mzee alisubiri, hakuinua hata unywele. Nilikuwa naogopa kusema ndiyo na naogopa kusema hapana.

Mikono ikaja pembeni ya mikono yangu. Ilikuwa baridi. Mume wangu alinisogeza kwa bega tu, nami nikatoa vidole na kurudi nyuma mpaka nikagusa cherehani.

Mzee aliinua macho akaona ni nani yuko upande wa pili.  Hakunyanyua.

"Uliza tena," mume wangu akasema.

"Umeshika, mwanangu?"

 Mume wangu alisogeza mguu wa kulia, akausimamisha vizuri. Alikunja vidole chini ya kioo, kimoja kimoja. Akafuta jasho la uso begani. Alimwacha mzee asubiri pale, ameinama, mgongo wake wa uzee ukimuuma, na mzee alisubiri kama mtu anayelipa.

"Nimeshika."

Tangi likainuka. Wakaanza kwenda, mwana akirudi nyuma, baba akimfuata, hatua kwa hatua, mpaka karibu na mlango.

"Beseni nyuma yako," mzee alisema. "Inua mguu. Juu kidogo. Hapo."

Mume wangu akalivuka beseni la samaki bila kugeuka kutazama.